Profesa Thomas Odhiambo: hodi ya homoni mlangoni mwa seli ya nzige

Wafugaji wa Mvomero na Kilosa wanaotupigia simu wana swali moja lisiloisha: kwa nini dawa ya josho iliyokuwa ikiangusha kupe miaka ya nyuma, sasa kupe wanaioga tu na kubaki wamening'inia kwenye masikio ya ng'ombe? Jibu lake halitoshi kwenye dakika chache za hewani, ndiyo maana tumeliandika hapa, msikilizaji wetu, ulisome taratibu kwenye simu yako.

Jibu hilo linahusu homoni, na mlango mdogo ulio juu ya seli. Tumeona njia rahisi ya kulieleza ni kusimulia maisha ya Profesa Thomas Risley Odhiambo wa Kenya, mtaalamu wa wadudu aliyefariki zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931, katika familia ya Wajaluo yenye watoto kumi. Baba yake alikuwa karani wa telegrafu, kazi ya kupokea ujumbe unaokuja kwa mlio wa waya na kuugeuza kuwa maneno. Hatutaki kulazimisha mambo, lakini ni kweli kwamba mwanawe naye alitumia sehemu kubwa ya maisha akichunguza jinsi ujumbe unavyosafiri na kupokelewa, ila ndani ya mwili wa mdudu.

Alisoma shule ya Maseno, magharibi mwa Kenya, kisha Chuo cha Makerere. Alipomaliza alibaki Uganda akifanya kazi ya serikali kwenye utafiti wa kilimo huko Kawanda, karibu na Kampala. Hapo alikusanya na kueleza jamii nyingi za kunguni wa mimea, wale wadogo wanaofyonza utomvu wa mazao, na aliandika mfululizo wa makala juu yao. Mwaka 1959 alitoa pia makala kuhusu mdudu mmoja mwindaji ambaye dume ndiye hulinda mayai hadi yaanguliwe. Sisi wa Uluguru, ambako mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, tunaweza kucheka kidogo hapo. Baba mlezi wa namna hiyo si jambo la kila siku kwa wadudu wala kwa watu.

Mwaka huohuo wa 1959 alikwenda Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alimkuta Vincent Wigglesworth, ambaye wataalamu wengi humwita baba wa elimu ya mwili wa wadudu. Ili kuelewa kazi ya Odhiambo lazima kwanza tueleze alichokifanya mwalimu wake miaka ya 1930, maana ni kisa cha ajabu kidogo.

Wigglesworth alifuga kunguni wakubwa wa Amerika Kusini wanaonyonya damu. Kunguni huyo akishiba damu mara moja, baada ya siku kadhaa hujivua gamba na kukua. Mwalimu huyu akawa anawakata vichwa. Kunguni asiye na kichwa haifi haraka kama kuku, anaweza kuishi miezi mingi. Aliyekatwa kichwa mara tu baada ya kula hakujivua gamba kamwe. Aliyekatwa siku chache baadaye alijivua, ingawa kichwa hakuna. Kisha akawaunganisha wawili, wa mapema na wa baadaye, damu ya mmoja ikaingia kwa mwenzake, na yule wa mapema naye akajivua gamba. Ilionekana wazi kwamba kitu fulani hutoka kichwani, huingia kwenye damu na kuuamuru mwili wote. Kitu hicho ndicho tunachokiita homoni: ujumbe unaotengenezwa sehemu moja ya mwili na kufanya kazi sehemu nyingine.

Wigglesworth alionyesha pia kuwa nyuma ya ubongo wa mdudu kuna tezi ndogo zinazotoa homoni nyingine, ile inayomfanya mdudu abaki mtoto. Ikiwepo, mdudu hujivua gamba lakini hubaki mdogo. Ikiondoka, anageuka kuwa mtu mzima. Jambo la kushangaza ni kwamba mdudu akishakuwa mtu mzima, tezi hizohizo huanza kufanya kazi tena. Zinafanya nini wakati huo? Hilo ndilo swali alilolichukua Odhiambo, na mdudu aliyemchagua anajulikana kwa kila mkulima wa Afrika Mashariki: nzige wa jangwani.

Tezi za nzige ni mbili, moja kila upande, ndogo sana. Odhiambo aliziondoa kwa madume na kuwaacha waendelee kuishi, akiwalinganisha na wenzao wasioguswa. Nzige dume wa jangwani anapokomaa akiwa kwenye kundi hugeuka rangi ya manjano na kuanza kutafuta majike. Waliotolewa tezi hawakukomaa hivyo. Tezi zao za uzazi, zile zinazotengeneza majimaji ya kusindikiza mbegu, hazikujaa inavyotakiwa. Walitembeatembea kidogo kuliko wenzao, na mafuta yakajazana mwilini bila kutumika. Kwa lugha ya kwetu, walinenepa na kuzubaa. Makala zake juu ya mafuta na mwendo wa nzige hao zilitoka mwaka 1966, baada ya kupata shahada ya uzamivu mwaka 1965.

Sasa tuingie ndani ya seli yenyewe. Mwili wa nzige, wa ng'ombe na wako wewe umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando laini wenye asili ya mafuta. Homoni inayosafiri kwenye damu ikifika kwenye utando huo, kuna namna mbili. Homoni zenye asili ya mafuta hupenya utando na kuingia hadi ndani, kama ndugu wa karibu asiyebisha hodi. Homoni za vidonge vya uzazi wa mpango ni za kundi hili, na ile homoni ya utoto ya wadudu kwa sehemu kubwa pia. Kundi la pili haliwezi kupenya. Lenyewe hubaki nje na kubisha hodi.

Mfano mzuri wa kundi la pili unatoka kwa nzige huyohuyo. Anapoanza safari ndefu, sukari kidogo iliyoko kwenye damu yake huisha upesi. Tezi zilizo jirani na zile alizozichunguza Odhiambo hutoa homoni nyingine, protini fupi sana yenye viungo kumi tu; muundo wake ulijulikana mwaka 1976. Homoni hii huenda hadi kwenye seli zinazohifadhi mafuta. Kuingia haiwezi. Lakini juu ya seli kuna kipokezi kinachoingoja.

Kipokezi ni protini ndefu iliyoshonwa kwenye utando kama uzi kwenye kanga, ikipita toka upande huu hadi ule mara saba. Upande wa nje kuna kijishimo ambacho homoni ile, na si nyingine yoyote, inakaa sawasawa. Ikishakaa, uzi wote unajipinda kidogo. Kujipinda huko ndiko habari yenyewe. Homoni haikuingia, haikumkabidhi mtu kitu, imebadilisha tu umbo la mlango, na aliyeko ndani ameona mlango umetikisika.

Aliyeko ndani ni protini inayoitwa protini G, iliyokaa chini ya utando ikiwa imeshika chembe ndogo kama mtu aliyeshika kibiriti kilichotumika. Kipokezi kikijipinda, protini G huachia kibiriti kile cha zamani na kushika kipya chenye nguvu. Hapo huvunjika vipande viwili, na kipande kimoja huteleza hadi kwenye kimeng'enya cha jirani na kukiamsha. Kimeng'enya huanza kutengeneza chembe nyingi ndogo ziitwazo saikliki AMP, zinazosambaa ndani ya seli kama watoto waliotumwa na balozi wa nyumba kumi kupeleka habari ya mkutano. Mlango ulibishwa mara moja, lakini nyumba zote zimepata taarifa. Chembe hizo huamsha vimeng'enya vingine, hivyo navyo huamsha vile vya kuvunja mafuta, na mafuta huingia kwenye damu na kuendesha mabawa. Ndiyo maana kundi la nzige linaweza kuvuka nchi nzima.

Habari ikifika lazima pia ikome, la sivyo nzige angemaliza akiba yake yote siku moja. Protini G yenyewe hukizima kibiriti chake baada ya muda mfupi. Kimeng'enya kingine huzivunja zile saikliki AMP. Na kipokezi kilichobishwa mno hutiwa alama na kuvutwa ndani ya seli, kisipatikane mlangoni kwa muda.

Mfumo huu haukugunduliwa kwa nzige kwanza. Uligunduliwa kwa maini, na Mmarekani Earl Sutherland, mtoto wa mwenye duka kutoka mji mdogo wa Burlingame, Kansas. Katika miaka ya 1950, mjini Cleveland, yeye na wenzake walisaga maini na kutia adrenalini, ile homoni inayokufanya moyo uende mbio ukikutana na nyoka njiani. Supu ya maini iliitika, sukari ikaanza kutolewa. Walipoondoa vipande vya utando kwenye supu, adrenalini haikufanya chochote. Wakavichukua vile vipande peke yake, wakavitia adrenalini, na humo ikatokea chembe ndogo isiyoharibika hata ikichemshwa. Wakaimimina kwenye supu ile iliyokuwa imekaa kimya, nayo ikaamka. Kwa hiyo homoni ilifanya kazi yake kwenye utando, na kilichoingia ndani kilikuwa mjumbe wa pili. Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel peke yake mwaka 1971, akafariki mwaka 1974.

Odhiambo wakati huo alikuwa amesharudi nyumbani. Mwaka 1965 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, na baadaye akawa profesa wake wa kwanza wa elimu ya wadudu na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo. Aliendelea kuchunguza tezi za uzazi za nzige dume kwa hadubini yenye nguvu, na makala zake juu ya tezi hizo zilitoka kuanzia mwaka 1969. Lakini lililomkosesha usingizi lilikuwa jambo lingine.

Nchi zetu zilikuwa na miaka michache tu ya uhuru. Mbung'o, kupe, viwavijeshi, nzige na funza wa mabua vilikuwa vyetu, lakini utafiti juu yake ulifanywa na wageni waliokuja na kuondoka. Mwaka 1967 Odhiambo aliandika makala katika jarida la Marekani la Science, akitaka vijengwe vituo vichache vya hali ya juu Afrika Mashariki ambako Waafrika wangefanya sayansi ya msingi wenyewe. Lilikuwa wazo la kubishaniwa. Nchi isiyo na barabara za vijijini wala zahanati za kutosha itumie fedha kuchungulia tezi za panzi? Hata leo mkulima wa Kinole anaweza kuuliza hivyo, na tusimlaumu.

Odhiambo alicheza karata yake hapo. Mwaka 1970 kilianzishwa Nairobi kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, kinachojulikana kwa jina fupi la ICIPE, naye akawa mkurugenzi wake. Husimuliwa kwamba kilianzia kwenye gereji. Alishawishi wanasayansi wakubwa duniani wawe wanakuja kwa vipindi kuwaongoza vijana wa Kiafrika waliofanya kazi hapo mwaka mzima. Mmojawao alikuwa Carl Djerassi, mkemia ambaye mwaka 1951 alikuwa miongoni mwa waliotengeneza homoni iliyotumika kwenye vidonge vya kwanza vya uzazi wa mpango. Kwa wadudu alikuja na matumaini yaleyale: kama homoni zinapanga uzazi wa watu, basi zitapanga wa wadudu, na sumu haitahitajika.

Matumaini hayo yalitimia nusu tu. Homoni ya utoto ya kuiga hutumika mahali pengine kutibu maji ya mbu, maana kiluwiluwi anayezuiwa kukua haumi mtu. Lakini fikiria kiwavi kwenye mahindi yako. Ukimpa homoni ya kumfanya abaki mtoto, umemwongezea siku za kula! Kwa wadudu wengi wa shambani mtoto ndiye mlaji, kwa hiyo dawa hiyo haikuwafaa wakulima kama ilivyotarajiwa.

Pamoja na hayo, kwa maoni yetu karata ya Odhiambo haikupotea, na ushahidi uko kwenye vipokezi vingine. Mdudu hunusa kwa vipokezi vilivyo juu ya seli za fahamu kwenye vipapasio vyake, hodi ileile ila inayopigwa na harufu. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti wa ICIPE walifanya kazi na wafugaji Wamasai kutengeneza mitego ya vitambaa ya mbung'o, chambo chake kikiwa mkojo wa ng'ombe na asetoni. Mbung'o anafuata harufu ya mnyama anaingia mtegoni. Na kwenye kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ndiko kulikoendelezwa kilimo cha kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na mabingobingo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo wa funza wa mabua, harufu ya mabingobingo humwita akatage huko pembeni. Mkulima anabaki na mahindi, na ng'ombe wake wanapata majani.

Turudi kwa kupe na josho. Wadudu na kupe hawana adrenalini kama yetu, wana homoni ya jamii hiyo iitwayo oktopamini. Nayo hubisha hodi kwenye vipokezi vya juu ya seli, vilivyoshonwa mara saba vilevile. Amitrazi, mojawapo ya dawa zinazotumika sana kuogeshea mifugo, hujifanya oktopamini. Inakaa kwenye kijishimo cha kipokezi na kubisha bila kukoma. Kupe hutetemeka, hukosa utulivu, huachia ngozi na kuanguka.

Lakini kipokezi hutengenezwa kwa maelekezo ya kinasaba, na kinasaba hubadilika. Kwa kupe wa ng'ombe wa Brazil, Australia na Afrika Kusini, watafiti wamekuta mabadiliko kwenye vinasaba vya vipokezi hivi yanayoambatana na usugu kwa amitrazi. Kijishimo kikibadilika hata kidogo tu, dawa inakosa pa kukaa. Kupe wa namna hiyo akiwemo mmoja kati ya maelfu, dawa ndiyo inayomchagua, maana wenzake wote wanakufa na yeye anazaa. Mfugaji anayechanganya dawa nusu ya kipimo ili kubana matumizi anafanya kazi hiyo ya kuchagua kuwa nyepesi zaidi, kwa sababu hata kupe wenye usugu mdogo wanapona. Kubadili dawa kwa kuangalia jina la chupa tu hakusaidii kama kiungo cha ndani ni kilekile. Dawa ya kundi lingine hubisha mlango mwingine. Muulize ofisa mifugo wa kata yako kuhusu kundi la dawa kabla ya kununua, na umwonyeshe chupa unayotumia sasa.

Odhiambo mwenyewe aliendelea na mambo makubwa zaidi ya kupe na nzige. Mwaka 1983 kituo chake kilianza mpango wa kufundisha wanafunzi wa shahada ya uzamivu kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Afrika, ili kijana asilazimike kwenda Ulaya kama alivyokwenda yeye. Mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo cha Sayansi cha Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipewa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal, tuzo ya Afrika ya uongozi katika kupambana na njaa, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Makao makuu ya ICIPE huko Kasarani yaliitwa Duduville, jina ambalo kila mtoto wa Kiswahili anaelewa nusu yake ya kwanza. Aliuacha ukurugenzi mwaka 1994.

Mwaka 2002 watafiti walitangaza kwa mara ya kwanza kwamba wamekipata kipokezi cha homoni ile ya mafuta ya kurukia, wakianza na nzi wa matunda na nondo wa hariri. Kilikuwa cha familia ileile iliyoshonwa mara saba. Kipokezi cha homoni ya utoto, kilichomo ndani ya seli, kilithibitishwa miaka kadhaa baadaye. Na kuhusu zile tezi za uzazi za dume alizozichungulia Odhiambo kwa miaka mingi, utafiti wa mwaka 1988 kwa nzi wa matunda ulikuwa umeshaonyesha kwamba huko homoni ya utoto hufanya sehemu ya kazi yake kupitia utando wa seli. Kumbe hata ndugu wa karibu kuna nyumba anazobisha hodi.

Profesa Odhiambo alifariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003, akiwa na miaka 72. Kituo cha Mbita sasa kina jina lake. Nzige wa jangwani walipovuka mpaka mwanzoni mwa 2021 na kuingia mikoa yetu ya kaskazini, wengi wao walikuwa bado wa rangi ya waridi, hawajageuka manjano.